Baiskeli ya Mazoezi ya Ndani: Tazama Siti Kwanza, Skrini Baadaye

Kwa mtu ambaye magoti yanamkakamaa kila asubuhi na ameshaambiwa aanze mazoezi, baiskeli ya ndani isiyosogea ndiyo mashine tunayoipendekeza mbele ya nyingine zote za nyumbani. Haipigi miguu chini kama kukimbia, haihitaji ustadi, mvua na giza haviizuii, na hata mtu mzito anaweza kuanza nayo taratibu. Lakini siti ikiwa sentimita tatu au nne chini ya pale inapotakiwa, mashine hiyo hiyo hulitesa goti mpaka mtu anaacha, akiamini kwamba mazoezi ndiyo yaliyomuumiza. Kwa hiyo tathmini hii itakaa sana kwenye siti, pedali na breki, na kidogo tu kwenye skrini.

Sokoni zimo za namna nne. Ya wima inafanana na baiskeli ya kawaida: unakaa juu ya pedali na kushika usukani. Ya kuegemea ina kiti kipana chenye mgongo, na pedali ziko mbele yako. Ya kasi, ile ya madarasa ya gym, ina gurudumu zito na mkao wa kuinama. Ya nne ni pedali tupu kwenye fremu ndogo, za kuweka sakafuni chini ya meza. Hii ya mwisho tuimalize hapa hapa. Inamfaa anayekaa kutwa nzima kazini na aliyetoka kulazwa, kwa sababu goti hupata kupinda na kunyooka. Ila upinzani wake ni mdogo, huteleza sakafuni mara unapoongeza nguvu, na ni nadra kumpandisha pumzi mtu mwenye afya. Itumike kukata muda wa kukaa, isihesabiwe kuwa zoezi kamili.

Goti linapata nini

Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, kwa mtu mzima halina mishipa ya damu. Linalishwa na ute uliomo ndani ya kiungo, na katika goti zima lenye afya ute huo ni mililita chache tu. Uzito unapolibana gegedu, maji hutoka yakibeba taka. Uzito unapoachia, maji yenye virutubisho huingia tena. Mwendo pia huusambaza ute huo juu ya nyuso zinazosuguana, zikateleza vizuri. Kiungo kikikaa bila kusogezwa, kazi yote hiyo inadorora. Misuli ya paja nayo husinyaa, goti likakosa wa kulishikilia, maumivu yakaongezeka, na mwenye goti akazidi kukaa. Mzunguko huo ndio tunaotaka ukatwe.

Kwa muda mrefu tiba ya kiungo kilichoumia ilikuwa kukifunga kisisogee. Daktari wa mifupa Robert Salter wa Toronto, Kanada, alilipinga jambo hilo kwa majaribio ya sungura. Matokeo aliyoyachapisha pamoja na wenzake mwaka 1980 yalionyesha kwamba gegedu lililotobolewa lilipona vizuri zaidi pale kiungo kilipokuwa kikisogezwa mfululizo kuliko pale kilipofungwa plasta. Leo miongozo ya kitabibu ya osteoathritisi ya goti, yaani ugonjwa wa gegedu kulika na kiungo kuuma, huanza na mazoezi, elimu kwa mgonjwa na kupunguza uzito, ndipo upasuaji ufikiriwe.

Baiskeli inaingia hapo vizuri kwa sababu ya hesabu mbili. Ya kwanza ni idadi: kwa kasi ya mizunguko 60 kwa dakika, dakika 20 humpa kila goti mizunguko 1,200 ya kupinda na kunyooka. Ya pili ni mzigo. Vipimo vya magoti bandia yenye vitambuzi ndani yake vimeonyesha kwamba kutembea hulibebesha goti mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili katika kila hatua, ilhali baiskeli kwa nguvu ya wastani hukaa karibu na uzito wa mwili, au juu yake kidogo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya uzito imekalia siti. Goti hupata mwendo mwingi kwa mzigo mdogo, na goti linalouma huhitaji hasa hicho.

Ubongo unapata nini

Ubongo ni takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umetulia hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Kiungo chenye ulaji huo huathirika haraka mishipa yake ya damu inapoharibika. Shinikizo la juu la damu, kisukari na unene uliopita kiasi huiharibu mishipa hiyo polepole, na mazoezi ya kupandisha pumzi huyapunguza yote matatu. Zaidi ya hapo, misuli inapofanya kazi mwili huongeza protini inayojulikana kwa herufi BDNF, ambayo husaidia seli za ubongo kuishi na kuungana upya, hasa katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu mpya. Ongezeko hilo hushuka tena baada ya muda mfupi, kwa hiyo zoezi la saa tatu mara moja kwa mwezi haliwezi kuchukua nafasi ya nusu saa siku nyingi za wiki.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 na Kirk Erickson na wenzake uliwafuatilia wazee 120 kwa mwaka mmoja. Waliotembea hadi dakika 40 kwa siku tatu za wiki, hipokampasi zao ziliongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 2. Waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, zao zilipungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, kama umri unavyofanya. Wale walitembea, hawakuendesha baiskeli, na mwenye kuuza mashine akikuambia vingine usimkubalie. Kilichowaunganisha na mwendesha baiskeli ni pumzi na mapigo ya moyo kupanda mara kwa mara, wiki baada ya wiki. Mwaka 2024 kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet kuhusu demensia, ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, iliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo na yanayoweza kupunguzwa. Kutojishughulisha kimwili ni mojawapo.

Kuna jambo lingine kuhusu baiskeli na ubongo linalostahili kutajwa. Mwaka 2010 Bastiaan Bloem wa Nijmegen, Uholanzi, na mwenzake waliripoti habari ya mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, ambaye miguu yake ilikuwa ikiganda kila alipojaribu kutembea, lakini akipanda baiskeli aliendesha vizuri. Huenda pedali zinazozunguka humpa mtu mdundo wa kufuata. Kwa mgonjwa wa namna hiyo baiskeli ya ndani, ambayo haiwezi kuanguka wala kugongwa na gari, ni chaguo zuri sana, hasa ya kuegemea, mradi kuna mtu wa kumsaidia kupanda na kushuka.

Siti: hapa ndipo mashine inapofaulu au kufeli

Kipimo kinaanza na viatu. Vaa vile utakavyotumia, maana soli nene hubadilisha urefu. Kaa, weka kisigino juu ya pedali, kisha zungusha kinyumenyume mpaka pedali hiyo ifike chini kabisa. Mguu unyooke hapo bila nyonga kuinama upande. Ukiona unalazimika kuinama ili kisigino kifike, siti iko juu mno. Ukiona goti bado limepinda, iko chini. Sasa vuta mguu nyuma ili pedali ikae chini ya sehemu pana ya wayo, nyuma kidogo ya vidole. Goti litabaki limepinda nyuzi 25 hadi 35, na hapo ndipo panapotakiwa. Mtu mwingine akikupiga video kutoka ubavuni, pembe hiyo huonekana wazi.

Baada ya urefu, mbele na nyuma. Weka krenki zote mbili, ile mikono ya chuma inayoshika pedali, sambamba na sakafu. Ning'iniza uzi wenye kitu kizito kutoka mbele ya pia ya goti lililo mbele. Uzi ushuke karibu na mhimili wa pedali. Ukishuka mbali mbele ya mhimili, rudisha siti nyuma. Kwa baiskeli ya kuegemea kipimo hiki hakitumiki: humo unasogeza kiti tu mpaka mguu uliosukuma hadi mwisho ubaki na mkunjo ule ule mdogo.

Usukani ukae usawa wa siti au juu yake. Mwenye mgongo mgumu aupandishe zaidi. Kuinama sana hakuongezi faida yoyote kwa goti wala kwa moyo, na humchosha shingo anayeanza.

Udhaifu mkubwa wa mashine nyingi za bei ya chini uko hapa. Nguzo ya siti ina matundu yaliyoachana sentimita tatu au nne, na pini ya kuchomeka. Urefu unaoufaa mguu wako ukiangukia katikati ya matundu mawili, huna la kufanya. Nyingine hazina kabisa mahali pa kusogeza siti mbele na nyuma. Tunashauri nguzo yenye kibano kinachokaza popote, au matundu yaliyoachana sentimita mbili au pungufu. Na nguzo yoyote ina alama ya mwisho iliyochongwa. Ikionekana juu ya bomba, siti imepandishwa kupita kiasi na nguzo inaweza kupinda au kuvunja bomba mtu akiwa juu yake. Mtu mrefu aliangalie hili dukani, akiwa amekaa.

Goti lenyewe hukuambia siti imekosewa wapi. Maumivu mbele ya goti, kuzunguka pia, kwa kawaida yanatokana na siti iliyo chini au mbele mno, au upinzani mkubwa kwa kasi ndogo. Maumivu nyuma ya goti huja siti ikiwa juu au nyuma mno. Upande wa nje wa goti, tazama kama nyonga zinayumba kulia na kushoto na kama wayo umegeuzwa ndani kwa nguvu. Ganzi ya vidole ni mkanda wa pedali uliokazwa sana au kiatu cha kubana. Ganzi kati ya mapaja ni jambo la kutopuuzwa: shusha pua ya siti kidogo, simama juu ya pedali sekunde chache kila dakika tano hadi kumi, na ikiendelea badilisha siti upate inayokubeba kwenye mifupa miwili ya makalio. Siti pana yenye sponji nyingi huvutia mkononi, lakini sponji laini sana hukandamizika na kupandisha shinikizo pale pale pasipotakiwa.

Urefu wa krenki hautajwi kwenye boksi mara nyingi, nao una maana. Milimita 170 ndiyo ya kawaida. Kuzungusha pedali mzunguko mzima kwa krenki hiyo kunahitaji goti lipinde takribani nyuzi 105 hadi 110. Aliyefanyiwa upasuaji wa goti au mwenye goti lililokakamaa hafiki hapo mwanzoni. Asilazimishe. Asukume nusu mzunguko mbele, arudi nyuma, mbele, nyuma, kwa dakika tano hadi kumi bila upinzani. Siku goti likiruhusu, mzunguko mzima huja wenyewe, na mara nyingi hutangulia kuja kinyumenyume. Kupandisha siti kidogo kwa muda kunasaidia, na krenki fupi ya milimita 140 au 150 inasaidia zaidi. Tumia mashine ambayo pedali zake huzunguka pande zote mbili.

Breki na gurudumu

Chagua breki ya sumaku. Sumaku husogezwa karibu na gurudumu bila kuligusa. Umeme mdogo unaozuka ndani ya chuma kinachozunguka hupinga mwendo. Kwa kuwa hakuna kinachosuguana, hakuna kinacholika, hakuna kelele, na namba 5 ya leo ni ile ile ya mwaka ujao. Breki ya msuguano hutumia kipande cha felti au ngozi kinachokandamiza gurudumu. Hulika, hutoa vumbi na harufu, na kikipata joto upinzani hubadilika katikati ya zoezi. Anayefuata mpango wa kuongeza mzigo kidogo kidogo hawezi kujua ameongeza kiasi gani.

Baiskeli za nyumbani zenye gurudumu la kilo 2 au 3 huvuta kwa kukwama: mguu hupita vizuri ukisukuma chini, kisha unasimama pedali inapofika juu. Kwa goti linalouma hapo ndipo mkunjo ulipo mkubwa na mshtuko unapoliingia. Kilo 6 kwenda juu mzunguko hulainika. Za kasi, zenye kilo 18 hadi 20, hulainika zaidi, lakini nyingi pedali zake hazina uhuru: ukiacha kukanyaga, gurudumu huendelea kuzisukuma na miguu yako pamoja nazo. Asiyejua hili akijaribu kusimama ghafla huumia goti au kifundo. Kusimamisha ni kukandamiza kitufe cha breki kuelekea chini, kisha kushuka baada ya pedali kutulia kabisa. Mashine yenye gurudumu lisilo na kifuniko haikai chumba kimoja na watoto wadogo.

Kuhusu mkanda na cheni hatuna maneno mengi. Mkanda ni kimya na hauhitaji mafuta. Cheni hudumu sana ila inataka kupakwa mafuta na kukazwa. Kwa nyumbani, mkanda.

Kuifunga, na kinachoharibika

Kosa linaloua mashine mpya ni pedali ya kushoto. Nyuzi zake, ile mifereji ya skrubu, zimegeuzwa: hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Pedali ya kulia hukazwa kama skrubu ya kawaida. Tafuta herufi L na R mwishoni mwa mhimili wa kila pedali na kwenye krenki. Paka grisi kidogo, anza kwa vidole, zungusha angalau mizunguko mitatu bila spana. Ikigoma mapema, itoe uanze upya; ukilazimisha kwa spana unakata nyuzi za krenki, na pedali haitashika tena. Unapoagiza pedali za kubadilisha, uliza kipenyo cha mhimili: nyingi ni inchi 9/16, baadhi ya mashine ni 1/2, na hizo mbili haziingiliani.

Baada ya saa chache za mwanzo kaza tena kila bolti, na hasa bolti za krenki. Krenki ya kushoto hulegea mara kwa mara. Ukisikia tiki moja kila mzunguko, simama siku hiyo hiyo. Krenki iliyolegea ikiendelea kukanyagwa hulika tundu lake la pembe nne, na ikishalika haikazwi tena. Dawa ni kununua nyingine. Kelele ya kusaga isiyofuata mzunguko wa mguu kwa kawaida ni beringi za katikati. Mlio wa kukwaruza gurudumuni baada ya kuhamisha mashine mara nyingi ni sumaku au kifuniko kilichosogea.

Jasho ni chumvi, na chumvi hula chuma. Futa nguzo, usukani na bolti kila baada ya zoezi. Kila miezi michache itoe nguzo ya siti, isafishe, pale inapoingia paka grisi nyembamba, ama sivyo itagandia humo.

Skrini

Namba inayofaa kwenye skrini ni mizunguko kwa dakika na muda. Kalori huonyeshwa kwa kukisia, na mashine isiyojua nguvu halisi unayotoa haina namna ya kuzijua. Ikiwa skrini inaonyesha wati zilizopimwa kweli, hesabu ni nyepesi: wati 100 kwa dakika 30 ni kilojuli 180 za kazi, na kwa kuwa misuli hugeuza takribani robo tu ya nishati kuwa mwendo, mwili umetumia karibu kilokalori 180. Skrini ikikuambia 500 kwa kazi hiyo, inakudanganya. Vishikio vya kupima mapigo kwa viganja hukosea mikono ikiwa na jasho au ikisogea. Mkanda wa kifuani ni sahihi zaidi. Anayetumia dawa za moyo za kuzuia beta (beta-blockers) asitegemee mapigo kabisa, kwa sababu dawa hizo huyazuia yasipande. Atumie maongezi: kwa nguvu ya wastani unaweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba.

Kipimo cha zoezi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za nguvu nyingi, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Anayeanza asizifuate dakika 150 katika wiki ya kwanza. Dakika 10 siku tano, upinzani mdogo, mizunguko 60 hadi 70, zinatosha. Ongeza dakika 5 kwa kila zoezi baada ya wiki moja au mbili, mpaka ufike 30. Muda kwanza, upinzani baadaye. Ukishazoea dakika 30, mara mbili kwa wiki badili: baada ya kupasha mwili dakika 8, dakika moja ya nguvu na mbili za polepole, rudia mara sita, malizia na dakika 4 za kukanyaga polepole ili kupoza mwili.

Kosa la anayetaka matokeo upesi ni kukanyaga polepole kwa upinzani mkubwa, mizunguko 40 au 45, akihisi kwamba mguu unaochoka ndio unaofanya kazi. Mzigo wote huo unapita kwenye pia ya goti. Punguza namba ya upinzani, ongeza kasi hadi mizunguko 70 au 80. Moyo utafanya kazi ile ile na goti litapata nafuu.

Kwa goti lenye osteoathritisi tumia kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10. Hadi 2 ni salama, 3 hadi 5 inakubalika, juu ya 5 punguza upinzani au muda. Baada ya saa 24 maumivu yawe yamerudi yalipokuwa kabla ya zoezi. Yasiporudi, dozi ilikuwa kubwa, ipunguze, usiache.

Anayejitosa kwenye darasa la baiskeli za kasi bila mazoea ana hatari nyingine, nayo imeripotiwa na madaktari mara nyingi: misuli ya mapaja kuvunjika kupita kiasi na kumwaga protini inayoziba figo. Dalili ni mapaja kuvimba na kuuma isivyo kawaida siku moja au mbili baadaye, na mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea. Hapo ni hospitali, mara moja.

Isichoweza kufanya

Baiskeli hailishi mifupa. Mfupa huimarika kwa kubeba uzito na kupata mishtuko midogo, na hapa umekaa. Waendesha baiskeli wanaotegemea mchezo huo pekee mara nyingi huwa na mifupa myepesi kuliko wakimbiaji. Haifundishi mizani, kwa sababu mashine haianguki, na mizani ndiyo humlinda mzee asivunjike nyonga. Nyonga hukaa imekunjwa muda wote, na mikono haifanyi chochote.

Kwa hiyo siku mbili hadi tatu za wiki, ongeza haya baada ya kushuka: kuinuka kitini bila mikono mara 10, seti mbili au tatu, kujiinua juu ya vidole vya miguu mara 15 ukishika ukuta, kusimama mguu mmoja sekunde 30 kila upande karibu na kitu cha kushika, na kusukuma ukuta kwa mikono mara 10. Mwenye miaka 65 na kuendelea afanye ya mizani siku tatu au zaidi. Ubongo nao hufanya kazi zaidi pale mwili unapolazimika kujisawazisha na kukumbuka mpangilio, jambo ambalo pedali haziulizi.

Wasianze kabla ya kumwona daktari: mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu akijitahidi, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni, na mwenye kiungo chekundu, cha moto, kilichovimba, hasa kikiambatana na homa. Goti linalojifunga likagoma kunyooka nalo halitibiwi kwa kukanyaga.

Ipi kwa nani

Ya kuegemea tunaipa nafasi ya kwanza kwa mzee, mwenye mgongo mbovu, mwenye uzito mkubwa na mwenye tatizo la mizani. Ni ndefu, inataka nafasi, na inapandisha mapigo kwa shida kidogo, lakini watu huidumisha. Ya wima yenye sumaku, gurudumu la kilo 6 au zaidi na siti inayosogea pande zote inawafaa wengi waliobaki. Ya kasi ni kwa mwenye magoti mazima aliyekwisha kuzoea.

Ukinunua iliyotumika, shika krenki zote mbili uzitikise kushoto na kulia: zikicheza pamoja, beringi zimekwisha, ikicheza moja, tundu lake limelika. Zungusha gurudumu uliache, usikilize mpaka lisimame lenyewe. Pandisha na kushusha siti mpaka mwisho. Fungua pedali ya kushoto uangalie nyuzi kwa tochi. Weka breki namba ya juu kabisa na ukanyage. Kama hakuna tofauti na namba ya kati, waya wa sumaku umekatika au umelegea, na kabla ya kukubaliana bei hakikisha waya huo bado unapatikana kwa modeli hiyo.